Mpiga Kinanda Aliyeketi Chini Mara Moja

Eilert Habbo Ubben, 14 Machi 1943 – 25 Novemba 2024
Wasifu uliosomwa katika kanisa la Tjadersum, Frisia Mashariki, Jumamosi tarehe 30 Novemba 2024

Marehemu Eilert Ubben hakuwahi kupanda ngazi za roshani ya kinanda akiwa na viatu vya barabarani. Alivivua kwenye ngazi ya kwanza, akavielekeza ncha zake mlangoni, akapanda kwa soksi huku amebeba viatu vyake vya kupigia kinanda, vyenye soli nyembamba, ndani ya mfuko wa nguo wa kuwekea mkate. Alisema udongo wa barabarani ukishaingia kwenye vibao vya miguu hautoki tena. Alifanya hivyo masika na kiangazi, na hata majira yale ya baridi ambayo maji ya ubatizo yaligeuka barafu. Waliochelewa ibada walitupia macho ngazi ile kwanza. Wakiviona viatu na kengele ingali inalia, walijua bado wana dakika mbili, maana Eilert hakuanza mpaka kengele inyamaze kabisa.

Alizaliwa Tjadersum tarehe 14 Machi 1943, mtoto wa tatu wa Habbo Ubben, mfanyakazi wa kiwanda cha matofali, na mkewe Trientje. Alibatizwa katika kanisa hili tarehe 9 Mei mwaka huohuo. Baba yake alikuwa vitani, kisha mateka, naye hakurudi hadi mwaka 1947. Jioni aliyorudi, Eilert, akiwa na miaka minne, alijificha chini ya meza akamuuliza mama yake kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika chumba kizima, "Huyu mgeni atalala kwetu siku ngapi?" Baba yake alikuwa akiisimulia hadithi hiyo kila sikukuu, na kila mara akimalizia, "Bado sijajibiwa."

Alisoma katika shule ya kijiji kuanzia mwaka 1949 hadi 1957. Shule ilikuwa na chumba kimoja na mwalimu mmoja, Bwana Onken, ambaye kwa desturi ya siku zile ndiye pia aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa. Eilert alipofika miaka kumi na mmoja, mwalimu alimpandisha roshani Jumapili moja ajifunze. Tangu Jumapili hiyo hakuketi tena kwenye mabenchi ya chini. Mwaka 1965 alifaulu mtihani wa wapiga kinanda wa makanisa huko Aurich, na tarehe 27 Novemba 1966, Jumapili ya kwanza ya Majilio, alikabidhiwa kinanda chetu chenye mabomba mia saba na kumi na mawili.

Riziki yake aliipata posta, alikofanya kazi tangu mwaka 1957 hadi alipostaafu mwaka 2003. Alipeleka barua kwa baiskeli Tjadersum na mashamba yote mpaka kwenye tuta la bahari, akipiga mluzi njia nzima. Kwa kuwa alifanya mazoezi ya nyimbo za Jumapili akiwa barabarani, akina mama waliokuwa wakianika nguo walizijua nyimbo tangu Jumatano. Mchungaji mmoja alizibadilisha ghafla siku ya Ijumaa, akaletewa malalamiko na watu watatu.

Mwezi Juni 1968 karakana ya vinanda kutoka Leer ilimtuma fundi kuja kulinganisha sauti za mabomba. Kazi hiyo huhitaji watu wawili. Fundi huingia ndani ya kabati la kinanda, katikati ya mabomba, na mwingine hukaa nje akibonyeza kibao kimoja kimoja hadi aambiwe aende kinachofuata. Fundi alikuwa ameshaingia ndani Eilert alipofika kutoka posta, kwa hiyo alichokutana nacho kwanza ni sauti ya mwanamke kutoka gizani.

"Kidole chako kimelala?"

"Hakijalala. Kinasikiliza."

"Kusikiliza ni kazi yangu. Kinachofuata."

Walifanya kazi hivyo jioni tatu. Fundi alikuwa akitoka kwenda kunywa chai wakati Eilert hajafika, na Eilert akiondoka kabla yeye hajamaliza kukusanya vifaa. Jioni ya tatu alijitokeza, nywele zimejaa vumbi la karne mbili.

"Nilidhani wewe ni mrefu," Eilert akasema.

"Na mimi nilidhani wewe ni kijana."

Eilert alikuwa na miaka ishirini na mitano.

Huyo ndiye Foelke Saathoff. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 9 Mei 1970, mzee Onken akiwa kwenye kinanda. Wakati wa wimbo wa pili bomba moja lilikwama likaendelea kulia peke yake, juu ya sala na juu ya kila kitu. Bwana harusi aligeuka kwenda. Bibi harusi akamrudisha kwa mkono. "Wewe utalibonyezabonyeza tu," alisema, akapanda roshani na gauni lake jeupe, akajipenyeza kabatini. Katika picha yao ya ndoa mkono wa kushoto wa gauni ni mweusi hadi kwenye kiwiko. Mungu aliwajalia watoto wawili, Tamme mwaka 1973 na Almuth mwaka 1980. Foelke alitangulia mbele za haki tarehe 3 Agosti 2011. Tangu hapo, mafundi wengine walipokuja, Eilert alibonyeza vibao kama zamani, lakini hakuzungumza nao.

Marehemu alikuwa mtu mpole, isipokuwa kwa jambo moja. Aliamini kwamba watu wa Tjadersum wanaimba polepole. Huko juu aliwasikia kila Jumapili wakiburuta nyuma ya kinanda, naye akaona wajibu wake ni kuwavuta. Aliwagombeza kwenye mikutano ya usharika, aliwagombeza barabarani akiwakabidhi barua. "Mpiga kinanda hasubiri," alikuwa akisema. "Akisubiri, wote wanalala."

Jumapili ya mavuno, tarehe 5 Oktoba 1997, Almuth, aliyefundishwa kinanda na baba yake, alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa akipiga wimbo wa matoleo. Mwishoni mwa kila mstari aliacha nafasi ndogo. Katika ubeti wa tatu baba yake alinyoosha mkono kupita begani kwake na kuvisukuma ndani vishikio vya sauti, kimoja baada ya kingine, mpaka kinanda kikanyamaza chini ya vidole vya binti. Watu waliendelea kuimba peke yao. Almuth alishuka ngazi, akapita katikati ya kanisa mbele ya watu wote, na hakupanda tena kwa muda wa miaka ishirini na sita. Alikwenda chuo kikuu, akawa mkutubi Oldenburg. Alikuja nyumbani kila Krismasi, akanywa chai na baba yake, wakaongea habari za vitabu na za hali ya hewa. Hawakuwa na uadui. Jambo hilo tu halikutajwa.

Tarehe 12 Februari 2024 marehemu alipatwa na kiharusi kilichodhoofisha mkono wake wa kushoto. Alirudi kanisani baada ya wiki sita akapiga kwa mkono wa kulia na miguu miwili, na wapo walioapa kwamba hawakusikia tofauti. Jumapili ya Pentekoste, tarehe 19 Mei, alifunga kifuniko cha kinanda akasema basi. Usharika ulitafuta mpiga kinanda mwingine mpaka Emden, na hakupatikana.

Mwezi Julai Bibi Theda Meenken, mwenyekiti wa baraza la wazee, alikwenda nyumbani kwake. Sukari ya mawe ilipasuka vikombeni chai ya moto ilipomiminwa, malai yakatandazwa juu, wakanywa kikombe cha kwanza, cha pili na cha tatu, ambacho kwa desturi yetu ndicho cha mwisho, bila mgeni kusema alichokuja nacho.

"Theda, sema sasa. Cha tatu kimekwisha na huna pa kujificha."

"Ni habari ya Desemba, Eilert. Majilio na Krismasi zinakuja, na baraza limeona mashine ya kununua. Ina nyimbo zote ndani, unabonyeza namba tu."

"Na kinanda?"

"Kitafungwa kwa ufunguo. Mpaka apatikane mtu."

"Kisipopigwa hakitakuwepo tena huyo mtu akipatikana. Ngozi za mivukuto zitakauka. Panya watafurahi."

"Najua. Kwa hiyo nimekuja mwenyewe, sikukuandikia barua."

Eilert hakumpigia simu binti yake. Tamme ndiye aliyempigia. Kuanzia mwezi Agosti Almuth alikuwa akija kila Jumamosi, akiomba ufunguo wa kanisa "nikajaribu kidogo." Alipewa bila swali. Alirudi jioni, wakala, akaondoka. Wiki kumi zilipita hivyo, na hakuna aliyetaja Desemba.

Jumamosi tarehe 12 Oktoba marehemu aliomba apelekwe kanisani, ambako hakuwa amekanyaga tangu Pentekoste. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wake aliketi chini, kwenye benchi la mbele karibu na madhabahu, mbali kabisa na roshani. Bibi Theda na wanakwaya sita walisimama nyuma yake. Almuth alikuwa juu, nao hawakuweza kuonana. Alipiga beti nne kama alivyopiga siku ile ya mavuno, akimalizia kila mstari kwa nafasi ya kupumua. Sauti ilitoka taratibu, nene na yenye joto, ikazunguka kuta za matofali kabla ya kushuka kwa waimbaji. Wimbo ulipokwisha Eilert aligeuka.

"Theda, leo mmeimba sawasawa na kinanda. Mmefanya nini?"

"Hatujafanya kitu. Hivi ndivyo tunavyoimba."

"Siku zote?"

"Siku zote. Kanisa ni refu, Eilert. Kinanda kinachelewa kufika kwetu, na sisi tunachelewa kufika kwako. Wewe ulikuwa hutusubiri, unatukimbia."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulikuambia mwaka sabini na nne. Ukasema tukajifunze kusoma noti."

Wanakwaya walicheka, naye akacheka mpaka akakohoa. Kisha akainua sauti kuelekea roshani.

"Almuth."

"Naam, Baba."

"Ile siku ya mavuno hukuwa unazubaa. Ulikuwa unawasubiri."

"Ndiyo, Baba."

"Basi niliyekosea ni mimi. Tena mbele za watu, ndiyo maana nasema mbele za watu."

"Nimesikia," Almuth akajibu. Halafu akauliza, "Niendelee?"

"Endelea. Bado nimekaa."

Alikaa saa moja na nusu. Baraza la wazee lilikutana wiki iliyofuata likakubali Almuth awe anapiga Jumapili mbili kila mwezi, kuanzia tarehe 24 Novemba, Jumapili ya kuwakumbuka marehemu. Jumapili nyingine watu wataimba bila kinanda. Mashine haikununuliwa.

Tarehe 18 Novemba marehemu alipelekwa hospitali mjini Norden akiwa na homa ya mapafu. Aliwatambua wote waliomtembelea hadi Jumamosi. Jumapili hakuamka. Siku hiyo hapa kanisani yalisomwa majina kumi na moja, mshumaa ukawashwa kwa kila jina, na kinanda kilipigwa. Eilert Ubben alifariki kwa utulivu Jumatatu tarehe 25 Novemba 2024, saa nane na robo mchana, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Watoto wake wote wawili walikuwa naye.

Ameacha dada yake Hilke, mwanawe Tamme na mkewe Imke, binti yake Almuth, wajukuu wawili Jelto na Wiebke, na usharika aliouvuta mbele kwa miaka hamsini na saba na nusu. Familia inawashukuru wauguzi wa Norden, Mchungaji Wiards, wanakwaya, na Bibi Theda kwa uvumilivu wake tangu mwaka 1974. Bwana aliyemwimbia ampokee, naye sasa astarehe.

Jumamosi ile ya tarehe 23 mchana, mara ya mwisho walipozungumza, Almuth alimwambia baba yake kwamba hataondoka pale kitandani. Watu wataimba wenyewe kesho, alisema, mchungaji ataelewa. Marehemu alikuwa amefumba macho, akihema kwa shida. Alimwacha amalize. Kisha akautoa mkono wake kwenye mkono wa binti yake, akausukuma ule wa binti kidogo kuelekea mlangoni, akasema, "Nenda ukapumzike, mwanangu. Kesho una ibada."