Mama Punguza Anakabidhi Ufunguo wa Darasa la Awali

Tarehe 30 Novemba, mwalimu wetu wa darasa la awali anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Walimu tunamwita Mama Punguza, na jina hilo alilipata kwa jasho lake.

Alipoanza, chumba chake kilikuwa nusu darasa, nusu stoo: madawati mabovu, ndoo zisizo na vitako, ramani zilizotafunwa na mende. Alivitoa vyote, akasugua sakafu, akapaka kuta rangi. Kisha, kama sisi sote, akazijaza kuta hizo chati za kufundishia. Zilipanda mpaka darini, zote kazi ya mkono wake, na alijivunia kwelikweli.

Mwaka wa saba akaja binti mdogo ambaye kila asubuhi alifika mlangoni, akafumba macho, akalia. Mama yake alikata tamaa, akataka kumrudisha nyumbani. Mama Punguza aliomba apewe siku chache. Akaketi sakafuni pale mlangoni, kimo cha mtoto, akatazama ndani. Mimi wa darasa la jirani nilidhani amedondosha kitu. Aliponyanyuka akaniambia, "Dada, hata mimi humu ndani napata kizunguzungu."

Jioni ile alibandua chati za miaka sita. Nilimsaidia, roho ikiniuma kuliko yeye. Alibakiza mkeka, rafu fupi, vitabu vichache na picha moja ya kuku na vifaranga. Siku ya tatu binti aliingia mwenyewe, akahesabu vifaranga kwa sauti. Mama yake, pale dirishani, ndiye aliyelia.

Mkaguzi alipouliza mbona kuta tupu, alijibiwa kwa upole kwamba nafasi hiyo ni ya watoto. Muhula ulipokwisha mkaguzi alirudi, na kila mtoto alimvuta mkono kumwonyesha mchoro wake ukutani.

Tangu hapo, kila shule inapokaribia kufunguliwa, Mama Punguza hupita madarasani na boksi tupu la kukusanyia vya kupunguzwa. Tumewahi kuficha makorokoro chini ya meza, aliyapata. Tulinuna, kisha tukagundua tunafundisha bila kupiga kelele.

Mama, asante kwa watoto wanaoingia darasani mbio badala ya kuburutwa. Kabidhi ufunguo, nenda kapumzike. Tunakuombea afya, vicheko vya wajukuu, na asubuhi ndefu zisizo na kengele.