Karakana kwa Binti, Mipesheni kwa Mwana

Sikilizeni wanangu, sogeeni nyote wawili, na mjomba wenu asimame hapo mlangoni awe shahidi, kwa sababu nitasema mara moja na sina pumzi ya kurudia. Miguu yangu imekufa ganzi, nikiigusa ni kama nagusa miguu ya meza, na ganzi hiyo imepanda mpaka pale nilipokuwa nikiweka huzuni. Nimeitafuta huzuni ya kuwaacha, sijaiona. Msinune kwa hilo. Mtu asiyesikia maumivu anaweza kusema mambo yalivyo.

Najua mmeshapanga. Mjomba wenu, mliyemwendea kila mmoja kwa wakati wake, amenieleza kwamba mnataka ukuta upite katikati ya kiwanja: upande wa barabara, wenye karakana ya useremala ya marehemu baba yenu, umwendee kaka, aivunje ajenge maduka, upande wa nyuma, wenye mipesheni, umwendee dada. Mmegawana kama watu waliopasua shati katikati, kila mmoja akaondoka na mkono wake.

Mimi sitaki. Karakana nampa binti. Mipesheni nampa mwanangu wa kiume, mwashi. Usinikatize, baba, najua unataka kusema wewe na kilimo wapi na wapi. Nyamaza nikueleze.

Baba yenu aliijenga karakana ile kwa mbao laini zilizobaki kazini, na haikuchukua muda nyuki weusi, wale wakubwa wanaovuma kama pikipiki ya mbali, wakaanza kutoboa boriti. Hawali mbao wale, wanachimba vyumba vya kulelea watoto wao. Majirani wakamwambia apulize dawa. Yeye akasema hao ni wanafunzi wake, wana bidii kuliko wote aliowahi kuwafundisha na hawaombi chai. Mimi nilikuwa naona aibu na banda lile, nikapanda mipesheni nyuma yake ili majani yalifiche nisilione kutoka jikoni. Basi. Hapakuwa na hekima yoyote hapo, msije mkanisifia msibani.

Lakini vitu hivyo viwili vilishikana. Ile ni mipesheni ya matunda ya njano, ua lake hufunguka mchana, na vumbi la ua, yaani chavua, haliufai mmea wenyewe, lazima litoke kwa mwenzake. Nyuki wa asali ni mdogo, anapita chini chini, anakomba vumbi anakwenda zake. Yule mweusi ana mgongo mpana. Akiingia kunywa, mgongo unasugua pale panapotakiwa kusuguliwa, anatoka kapakaa manjano kama mtu aliyeegemea ukuta wa rangi mbichi, na anaibeba rangi hiyo mpaka kwenye mmea wa pili. Yeye anapata chakula, mmea unapata tunda, na boriti za baba yenu ndiyo nyumba yake.

Kisha nikalazwa. Wewe mwashi, kwa mapenzi ya mtoto kwa mama yake, hukutaka nirudi nikute boriti zina matundu kama filimbi, ukachanganya saruji, ukaziba tundu moja moja, ukasawazisha kwa mwiko na kupaka rangi juu. Kazi safi, sijapata kumwona mwashi mwingine aliyepiga lipu mbao. Maua yakafunguka, yakaanguka. Ukanunua mbolea, yakaanguka. Ukasema ni jua. Dada yako akawa anatoka kila mchana, mgongo umepinda, anagusa ua hili kisha lile kwa kidole chake, na wewe umekaa kivulini unamwita Bibi Kidole. Matunda machache yaliyopatikana msimu ule uliyala wewe na wageni wako, mkasema mama ana mkono wa baraka. Mkono wa mama ulikuwa hospitalini umechomekwa sindano. Mkono uliofanya kazi ulikuwa unaosha vyombo vyenu jikoni, na hakuna aliyeuliza ni wa nani.

Na wewe binti, usitabasamu. Uliposhika patasi ya baba yako ukazibua yale matundu, ukawakuta nyuki wamekauka ndani wamekunja mabawa, ulikuwa na haki ya kulia, hata ya kutukana. Lakini uliwatia kwenye bakuli, ukalifunika vizuri, ukaliweka mezani kwa kaka yako siku wakwe zake walipokuja, na mama mkwe akalifunua kwa mkono wake akidhani ni mboga. Tangu siku ile mnaongea kupitia kwangu. Mwambie huyo mwanao. Mwambie huyo binti yako. Hata sasa hivi, kitanda tu kiko kati yenu, mmenituma niombe kiti kwa huyu nimpe yule. Nimekuwa mdudu wenu, nabeba vumbi la huyu nampelekea yule, na mdudu ndiye huyu anakufa.

Ndiyo maana nimegawa hivi. Nyuki wachache wamerudi. Wewe baba, karakana ikianguka huna tunda. Wewe binti, nusu ya kila mavuno ni yako, kwa hiyo mipesheni ikikauka huna kitu zaidi ya banda lililoinama. Boriti ya mlangoni imechoka. Mwashi ataijengea nguzo akiombwa na mwenye karakana, na mwiko wake usipande juu ya nguzo kwenda kwenye matundu. Siwaombi mpendane. Nimewatazama nyuki na maua miaka yote hii, sijaona mapenzi pale. Yule ana njaa, hili lina vumbi, na kila mchana wanakutana.

Ufunguo wa karakana anao mjomba. Mnizike asubuhi, mchana mtu awe kwenye maua.

Sasa nataka neno moja, nife nimelisikia. Binti, hata baada ya kukubali ukuta ulisema nikiondoka utaichoma karakana kuliko kumwachia huyu. Sasa ni yako. Utaichoma? Usinijibu mimi. Mgeukie. Mwambie yeye.

Sisikii... masikio nayo yanaondoka. Mjomba, njoo uniambie sikioni, amesemaje?

"Karakana itasimama, lakini asinizoee."

Amesema hivyo. Amemwangalia usoni? Haya. Na kaka, amejibu nini?

"Sawa, dada."

Sawa dada. Basi... inatosha, sikutaka zaidi. Mmeongea, na mimi sikubeba. Mbarikiwe. Wewe... na wewe pia. Mikono yenu isi... isi... Nimesahau nilitaka mikono yenu isifanye nini. Mbarikiwe tu.