Mama Bilauri Anaaga Chumba cha Matamshi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwafundisha watoto kusema na watu wazima kunyamaza, mtaalamu wetu wa matamshi anastaafu. Kazi ya kwanza aliipenda. Ya pili ndiyo iliyomtoa jasho.

Alianza kama muuguzi wa wodi ya watoto, akaenda masomoni, akarudi na kukabidhiwa chumba kilichokuwa stoo ya magongo. Gongo moja bado liko nyuma ya mlango. Anadai ni la wakuu wa idara.

Wengi hudhani kazi yake ni kunyoosha ndimi. Sivyo. Kwanza alipima masikio, maana mtoto asiyesikia vizuri hana cha kuiga. Kisha alitazama kama mtoto anaelewa anachoambiwa na kama anacheza na wenzake. Mwisho aliwachunguza jamaa, na hapo ndipo jina la Mama Bilauri lilipopatikana.

Mshonaji mmoja alimleta binti yake, karibu miaka mitatu, hana neno hata moja. Mama wa watu alikuwa halali usiku. Kila aliyemwuliza alimwambia amwache tu, hata baba wa mtoto alichelewa kusema. Mama mkwe aliwasindikiza, kuhakikisha hakuna atakayemwita mjukuu wake bubu.

Masikio yalikutwa na majimaji kwa ndani, yakatibiwa. Hata hivyo, mtoto alirudi bado kimya, na sababu ilikuwa imeketi kando yake. Mtoto akiulizwa jina, bibi alijibu. Akitupia jicho mpira, bibi alikwisha kumletea. Akiulizwa kama ana kiu, bibi alisema anayo, tena tangu asubuhi.

Mama Bilauri akampa bibi bilauri ya maji, akamwomba kwa adabu zote ajaze mdomo na asimeze. Akatia mpira katika kopo la plastiki linaloonyesha ndani, akakaza kifuniko, akamkabidhi mtoto, akatulia. Mtoto akamgeukia bibi. Bibi, mashavu yamevimba, akatikisa kichwa kwa uchungu mkubwa. Kimya kikatanda hadi mfanya usafi akachungulia kuuliza kama kuna msiba. Ndipo mtoto akamsogezea mtaalamu kopo na kusema, "Fu."

Alitaka lifunguliwe. Bibi alipiga kigelegele, na maji yote yakaishia kwenye koti jeupe la mtaalamu.

Ieleweke kwamba maji hayatibu. Kutoka "fu" hadi sentensi nzima walihangaika zaidi ya mwaka, na bibi hakukosa hata siku moja, akija na bilauri yake mwenyewe. Mshonaji alipolia kwamba amemchelewesha mwanawe, Mama Bilauri alimwambia, "Mwanangu, wengine walikwambia ungoje, wewe ukaja. Sasa futa machozi, tuna kazi."

Kasoro yake ni moja: ukianza kumsifu, anakukatiza. Tumejipanga. Kwenye sherehe, hotuba ya shukrani itatolewa na binti huyohuyo, ambaye siku hizi mwalimu wake wa darasa la nne anamwomba apumzike kidogo. Mstaafu atashika maji mdomoni hadi hotuba iishe, bibi akisimamia. Wa viti vya mbele waje na miavuli.

Asante, dada yetu, kwa kila sauti uliyoisubiri. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wenye kelele. Ukiwa na la kujibu, meza kwanza.