Risala ya Wasichana wa Chumba cha Cherehani kwa Mjumbe wa Mtaa

Mgeni rasmi, mzee wetu Haji Ghausuddin, mjumbe wa mtaa. Mwalimu wetu Shakeba. Na mama zetu mnaolinda mlango: assalaam alaykum.

KARIBU

Tunakukaribisha kwa sauti ya chini, utuwie radhi. Kuta za nyumba hizi za Herat ni nene, lakini dirisha la jirani liko wazi. Chai ya hiliki iko mbele yako. Makofi hatutapiga.

TULIKOTOKA

Shule za Afghanistan zilipofungwa kwa wasichana waliovuka darasa la sita, Mwalimu Shakeba alitafuta cherehani, akatundika kibao cha ushonaji mlangoni. Kushona tunashona kweli. Ila chini ya vitambaa kuna hesabu, kemia na baiolojia. Mlango ukigongwa, Nilab, huyu anayekusomea, huanza kukanyaga cherehani na wengine tunafunika vitabu.

MAFANIKIO

Mama yake mwenzetu Hangama alipotokwa na damu baada ya kujifungua, Hangama ndiye aliyemkanda tumbo kama alivyofundishwa hapa, mpaka mkunga akafika. Mama mwenyewe ni mmoja wa hao wanaolinda mlango.

CHANGAMOTO

Majira ya baridi mwalimu wetu alikamatwa. Kisha akarudi. Alikaa, akauliza, "Tulikuwa tumefika wapi?" Tulilia.

Kisha wiki iliyopita wakaguzi wa serikali walikuja, wewe ukiwa umewatangulia. Kitabu cha baiolojia kilikuwa sakafuni. Ulikiona. Tulikuona ukikiona. Ukakikanyaga, joho lako likakifunika.

"Hapa pana nini, Haji?" mmoja akauliza.

"Pana wanawake na kelele zao. Kama unataka suruali, lete vipimo."

Wakacheka, wakatoka. Nawe ukawafuata bila kutuangalia. Tangu siku hiyo hatujui kama ulituficha au uliahirisha tu kututaja.

OMBI

Hatuombi viti wala vitabu. Hatukuombi hata utusitiri tena. Tunajua una wana, na tunajua mtu anayeulizwa mara ya pili hufanywa nini.

Tunaomba jambo moja. Mjukuu wako Mahjabin amemaliza darasa la sita. Amekuja hapa peke yake, si mara moja, na tumemrudisha, kwa kuwa hatumpokei mtoto bila kwao kujua. Juzi aling'ang'ania mlango: "Semeni nimekuja kushona!"

Tukamwambia, "Nenda kamwambie babu."

"Mwambieni nyinyi. Mimi namwogopa."

Basi tumekwambia. Leo amekushika mkono kwa ajili ya magoti yako, na sasa amekaa pale karibu na viatu, hainui macho. Wakati wa kuondoka, tunakuomba utegemee fimbo yako tu, na yeye umwache hapa. Hatutahitaji jibu jingine.

Mungu akupe afya, akulindie wanao na nyumba yako, na akurudishe kwako salama.

Ni sisi wanao,
Wasichana wa Chumba cha Cherehani.