Mrija wa Msibani

Basi la kwenda Luque lilikuwa nusu tupu, na Zunilda hakuwa na la kufanya ila kusikiliza waliokaa mbele yake. Mzee mmoja alimimina maji ya barafu kwenye pembe ya ng'ombe yenye majani ya tereré, kinywaji cha kupokezana, akanyonya kwa mrija wa chuma, kisha akamsogezea jirani yake, mama aliyevaa nguo nyeusi.

"Karibu, mama."

"Asante, mzee. Tangu uje ugonjwa huu wa kifua, sishiriki mrija."

"Makubwa haya! Mimi buheri wa afya, bwana." Akakohoa. Zunilda akafungua dirisha.

"Hata shemeji yangu alikuwa buheri wa afya. Tulipomzika mama mkwe, shemeji huyo alituzungushia pembe, watu tisa, mrija mmoja. Msibani utakataaje? Wiki mbili baadaye tukazika wanne."

"Pole, mama. Siku zao zilikuwa zimefika."

"Zilifika kwa mrija, mzee."

Basi likasimama sokoni, mama akashuka bila kuaga. Mzee akamimina tena, akageuka nyuma na uso wa huzuni.

"Na wewe binti, utanikatalia?"

Zunilda, ambaye hakulelewa kuwakatalia wazee, akajikuta ameshanyoosha mkono.