Mpira Uliopokewa kwa Mikono Miwili

Kamwene, wasikilizaji wapendwa. Kamwene nyote mlio jikoni mnaota moto, maana baridi ya Makambako wiki hii haina adabu. Mimi ni Hulda, na saa hii ni yetu ya kuwakumbuka waliotutangulia.

Tangu Alhamisi simu ya studio haijapumzika. Wanapiga wa Mawengi, wanapiga wa Wanging'ombe, na mama mmoja kapiga mara tatu. Wote wanauliza swali lile lile. Ule mpira ulikuwa wa nini?

Kwa ambao hamkuwepo, nawaeleza. Alhamisi tulimzika Mwalimu Nahumu Mwalongo, Kitandililo, akiwa na miaka tisini na miwili. Nyuma ya jeneza alitembea mjukuu wake, Dorika, amebeba mpira wa kikapu. Mpira wenyewe mkuukuu, umenywea, hauna hewa hata ya kuazima. Mchungaji alidhani utawekwa kaburini. Lakini Dorika alimwendea Bibi Telesia, mdogo wake marehemu, akapiga goti, akampa. Bibi akaupokea kwa mikono miwili. Mchungaji aliponyoosha mkono autwae, Bibi akasema neno moja tu: "Nimepewa." Akageuka, akaenda nao nyumbani. Sisi waombolezaji tukabaki tunatazamana.

Mimi ni mdadisi, mnanijua. Nimekwenda kwa Bibi Telesia siku mbili mfululizo. Nimekula viazi vyake mpaka nikaona haya. Haya, sogezeni redio karibu.

Nahumu alizaliwa mwaka 1932, enzi za Mwingereza. Baba yake aliitwa Mzee Efraimu. Mzee huyu alikuwa manamba. Vijana wa leo hamjui neno hilo. Manamba ni wale walioandikishwa, wakapewa namba, wakapakiwa kwenye lori kwenda Tanga kukata mkonge. Mzee Efraimu alikata mkonge miaka minane. Alirudi na blanketi moja, na vidole vinane. Viwili vya mkono wa kushoto vilibaki kwenye mashine.

Akaweka sheria nyumbani mwake: mtoto wangu hatakwenda mkongeni. Basi. Haikuwa na kifungu cha pili.

Ilikuwepo sheria nyingine, ila hiyo haikuwa yake peke yake. Ilikuwa ya wazee wote wa pale. Mkubwa harushiwi kitu. Unamwendea, unakunja goti, unampa kwa mikono miwili. Naye akikubali, anapokea kwa mikono miwili. Akishapokea, hakirudishi siku hiyo, maana kukirudisha ni kukikataa, na kukikataa ni kukukataa wewe. Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Mkubwa harushiwi kitu, na kilichopokewa hakirudishwi siku hiyo hiyo.

Mwaka 1947 Nahumu alikuwa shule ya misheni. Alikuwepo mmisionari Mmarekani, mrefu kupita kiasi, watoto wakimwita Bwana Ngazi. Bwana Ngazi alisimamisha nguzo mbili za mlingoti, akapigilia juu yake pete za pipa, akasema huu ndio mpira wa kikapu. Akagawa timu. Nahumu akaangukia timu ya Alois, mwanafunzi mkubwa aliyekwisha kuota ndevu.

Alois akakaa peke yake chini ya goli. Akapiga kelele, "Nirushie! Nirushie, we!"

Nahumu akashika mpira akaduwaa. Amrushie Alois? Kaka mkubwa vile, arushiwe kitu kama anavyorushiwa mbwa mfupa? Akakimbia nao uwanja mzima, akipita huku na kule, akafika kwa Alois, akakunja goti, akampa kwa mikono miwili. "Karibu, kaka."

Watoto walicheka mpaka wengine wakalala chini. Alois mwenyewe akaona aibu, lakini akafunga. Bwana Ngazi hakucheka. Alijikuna kidevu, akasema, "Nahumu, fanya tena hivyo."

Kwa sababu, wapenzi wasikilizaji, mpira unaorushwa unanyakulika. Mpira unaokabidhiwa mkononi, utaunyakulia wapi? Nahumu hakuwa mrefu. Kazi yake ikawa kuupandisha mpira na kuwagawia wenzake. Rika lake aliwarushia, tena kwa shabaha. Waliomzidi umri aliwapelekea mkononi. Na kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko wengi, muda mwingi alikuwa mtu wa kupeleka.

Mwaka 1950 gari la Mgiriki mmoja liliharibika hapa hapa Makambako, njia panda. Aliitwa Bwana Stavro, mwenye shamba la mkonge Korogwe. Akisubiri kipuri siku mbili, akawatazama vijana wa misheni wakicheza. Wagiriki wana wazimu na mchezo huo. Siku ya pili akamwita Nahumu.

"Njoo Korogwe. Nitakuandika kazi. Kazi yako ni kucheza tu. Mkonge hutaugusa."

Mkonge hutaugusa! Nahumu alikuwa na miaka kumi na minane. Alijua kwamba baba yake akisikia neno Korogwe, paa litang'oka. Akamwambia anakwenda Iringa kujifunza useremala. Bibi Telesia aliujua uongo ule. "Nilimfungia viazi vya njiani," ananiambia, "nikamwambia, kaka, njia ya mwongo ni fupi. Akasema, nitarudi kabla haijaisha."

Haikufika hata mwaka. Manamba mmoja wa Wanging'ombe alirudi na habari. "Mzee Efraimu, kijana wako nimemwona shambani. Sisi tunakata, yeye anakimbia na kaptura, wazungu wanampigia makofi."

Mzee Efraimu hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake. Kisha akamwambia Telesia, "Mimi mkonge ulinichukua vidole. Yeye umemchukua mzima." Na akaapa. Kitu chochote kitokacho kwa Nahumu, hatakipokea kwa mkono wake.

Na hapo, wasikilizaji, ndipo penye maumivu ya habari hii. Nahumu alizunguka dunia yetu hii. Alicheza Korogwe. Akachukuliwa Tanga mjini. Akaenda Mombasa, akaenda Nairobi, timu ya Wagoa, wale Wahindi wa Goa, ambako aliruhusiwa kushinda mechi zao lakini hakuruhusiwa kunywa chai ndani ya klabu yao. Alikula karanga zake nje, amekaa juu ya begi. Akaenda Kampala. Akashuka mpaka Kitwe, kwenye migodi ya shaba. Miaka tisa, timu sita, na kila timu ilimlipa acheze. Mwisho Bwana Stavro akamrudisha Korogwe awe nahodha. Kila alikopita walimwuliza, huo mchezo wa kupelekeana mpira mkononi umejifunza wapi? Akajibu, "Nyumbani."

Na kila likizo alirudi nyumbani na zawadi. Akakunja goti mlangoni, akanyoosha mikono miwili. Blanketi kutoka Korogwe. Koti zito la sufu kutoka Nairobi. Taa kutoka Kitwe. Mzee Efraimu hakumfukuza, maana alikuwa Mkristo na alikuwa baba. Alisema tu, "Weka hapo chini."

Weka hapo chini. Miaka tisa. Blanketi likaenda kanisani kwa wajane. Taa haikuwashwa. Koti lilitundikwa msumarini. "Lile koti," anasema Bibi Telesia, "aliyelivaa ni panya."

Mtu aliyewalisha warefu wa miji sita, alishindwa kumlisha mtu mmoja wa Kitandililo. Bibi anasema aliwahi kumkuta nyuma ya ghala analia, mtu mzima na viatu vya Nairobi. Alisema, "Telesia, mikono yangu imefanya nini?"

Sasa tuje mwaka 1959. Timu ya Bwana Stavro ilikuwa safarini kwenda Mbeya. Wakapatana kucheza hapa Makambako na vijana wa Njombe. Vijana wa Njombe waliongozwa na nani? Alois, ambaye sasa alikuwa mwalimu. Kombe liliwekwa mezani. Bwana Stavro akamwambia Nahumu, "Ukinipa kombe hili, nakufanya mkufunzi wa timu. Nyumba ya bati, Korogwe, maisha yako yote." Refa alikuwa Bwana Shauri, yaani ofisa wa serikali wilayani, Mwingereza, amevaa soksi ndefu na filimbi shingoni.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko. Mzee Efraimu alikuwa pale. Hakuja kutazama mpira, jamani, msimsingizie. Alikuja kuuza maharage. Lakini binti yake Telesia alikuwa na akili za sungura. Akamwambia, "Baba, maharage yananunuliwa sana kule kwenye watu." Kule kwenye watu ndiko uwanjani. Mzee akasimama mstarini kabisa, chini ya goli, gunia miguuni.

Mechi ikawa ngumu. Njombe thelathini na moja, Korogwe thelathini. Bwana Shauri anatazama saa. Nahumu akaupandisha mpira. Mbele yake Alois, mzito kidogo sasa. Nahumu akampita. Goli likawa wazi, na mtoto wa shule angefunga.

Hapo akamwona baba yake.

Alimwona hatua tano mbele yake, anamtazama. Mara ya kwanza katika miaka tisa anamtazama akifanya kazi. Nahumu akaacha kudunda. Akapita chini ya goli, akavuka mstari. Akakunja goti. Akanyoosha mpira kwa mikono miwili.

"Baba, kamwene. Kazi yangu ni hii. Mkonge sikuugusa."

Bibi Telesia anasema pale uwanjani alisikia mpaka kuku wa sokoni. Mzee Efraimu akautazama mpira. Akaitazama mikono ya mwanawe, akaigeuzageuza kwa macho, akatafuta kovu la mkonge, asilione. Akahesabu vidole. Vyote kumi. Akajifuta viganja kwenye suruali, kisha akanyoosha mikono yake, vidole vinane, akaupokea.

Bwana Shauri akapiga filimbi. Kavuka mstari, mpira wa Njombe. Akaja kuuchukua, zimebaki sekunde chache. "Mwambieni mzee atupe mpira."

Mzee Efraimu akaukumbatia. "Nimepewa," akasema.

"Mzee, tutakurudishia baadaye."

"Nimepewa na mwanangu. Nimepokea."

Na mpira mwingine haukuwepo. Ulikuwa huo huo mmoja. Wakaja wazee wamweleze, wakaisikia kauli yake, wakageuka kumtetea. Kapokea kwa mikono miwili, arudishe leo leo? Mnataka amkane mwanawe mbele ya soko? Bwana Shauri akatazama saa. Akatazama wazee. Akapiga filimbi ya mwisho. Serikali nzima ya Malkia haikuupata mpira ule. Njombe wakachukua kombe, thelathini na moja kwa thelathini. Alois alilipokea huku anaona haya. Bwana Stavro akatupa kofia chini, akaiokota, akapanda gari. Nahumu hakupanda naye.

Sasa ninyi mtasema, aliyapanga, aliacha vyote kwa ajili ya baba. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini bintiye, Mama Fidelia, alimwuliza siku moja, akapata jibu lingine. Mwalimu Nahumu alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwanangu, nilitaka kumwonyesha tu! Nilijua ataushika, ataurudisha, nitafunga. Nilitembea miji sita, nikasahau kwamba kwetu kilichopokewa hakirudishwi." Mama Fidelia akamwuliza, ulijuta? Akasema, "Nilijuta mpaka njia panda. Pale baba akageuka kunitazama kama namfuata."

Watu waliowaona wakirudi Kitandililo wanasimulia. Mbele Mzee Efraimu, ameubeba mpira kwa mikono miwili, hataki hata kumpisha mtu. Nyuma, nahodha wa Korogwe na kaptura yake, gunia la maharage begani, machozi yanamtiririka, na anacheka.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mzee Efraimu alikwenda kanisani amevaa koti zito la sufu la Nairobi. Mgongoni lilikuwa na matundu matatu ya panya. Mama mmoja alitaka kumshonea, akakataa. Alisema ameshachelewa vya kutosha.

Nahumu akawa mwalimu, Mwalimu Nahumu mliyemjua. Akafundisha kikapu na hesabu miaka thelathini na mitano. Mpira ule haukudundishwa tena. Mzee Efraimu alipokaribia kufa alimpa Nahumu, kwa mikono miwili. Nahumu alipokaribia kufa alimpa Dorika. Na Dorika, mtoto aliyelelewa, aliona makaburini kwamba mkubwa aliyebaki ni Bibi Telesia, akampelekea. Ndiyo maana mchungaji hakuupata, na asinune.

Kwa Bibi Telesia, kwa Mama Fidelia, kwa Dorika na ukoo wote wa Mwalongo, tunasema poleni sana. Mungu awatie nguvu. Mwalimu wetu apumzike kwa amani.

Nasi tuliobaki tujiulize. Nani amepiga goti mlangoni kwako, nawe umemwambia aweke hapo chini? Koti la nani linavaliwa na panya nyumbani mwako? Jana, nikiaga, Bibi Telesia aliniambia nipeleke mkono niuguse mpira. Nikauomba niupige picha nje, penye mwanga, halafu nimrudishie.

Akanicheka. "Mwanangu Hulda," akasema, "ukiupokea, kaa nao."

Nikauacha mikononi mwake, nikaaga, nikaja moja kwa moja kumpigia simu baba yangu.