Nilivyonenepa Huku Sili

Mama zangu na dada zangu, niacheni nisimame hapa hapa karibu na mlango. Nikija mbele nitashindwa kusema.

Mnanijua, mimi mchuma chai. Miaka mitatu iliyopita nilianza kunenepa. Wengine mlinisifu, mkasema mume ananitunza. Lakini nilikuwa sili. Niliacha ndizi, nikaacha wali, jioni kikombe cha chai ya rangi tu, na sketi bado haifungi. Nilisikia baridi, nikavaa masweta mawili shambani jua likiwaka. Sauti ikakwaruza, nikaacha kwaya. Wenzangu wanamaliza mstari, mimi nimesimama katikati, natamani nilale palepale.

Sikutulia. Kila aliyetaja dawa nilimfuata. Mwenzetu mmoja, simtaji, aliniletea virutubisho: unga wa mwani wa baharini na vidonge vya madini. Alisema mwili umechoka, unataka kujengwa. Simlaumu, alinionea huruma. Nilitumia miezi mitano, nikazidi kuvimba hadi uso.

Binti yangu mkubwa ndiye aliyenipeleka hospitali. Damu ikapimwa. Wakaniambia tezi ya shingoni, ile inayovimba mtu akawa na rovu, imepunguza kazi. Nikapewa kidonge cha kila asubuhi. Nikajua nimepona. Baada ya miezi miwili nikapimwa tena: hakuna kilichobadilika. Ndugu zangu, nawaambia, siku ile nilitaka kutupa kila kitu mtoni.

Daktari, msichana mdogo kuliko binti yangu, akaniuliza taratibu, "Mama, hicho kidonge unakimeza na nini?"

Nilikuwa nimemficha kwamba bado natumia ule unga na vile vidonge vya madini. Mwisho nikafungua mkoba, nikampangia makopo yangu mezani, natazama chini.

Hakunigombeza. Alisema ule mwani niuache, unaweza kuivuruga tezi zaidi. Madini ya chuma na ya kalsiamu yanaizuia dawa isiingie mwilini. Kama nayahitaji kweli tutapima, na nitayameza yakipita masaa manne baada ya dawa. Kidonge chenyewe nikimeze kwa maji matupu, kabla ya chai.

Nikafuata. Wiki ya sita nilivua sweta moja. Sauti ikarudi. Mwili umepungua kidogo, si kama nilivyotaka, na kila asubuhi bado najishika kiuno. Sitawadanganya, roho haijatulia. Dawa hii ni ya maisha, na kuna siku naichoka.

Namshukuru binti yangu. Namshukuru daktari yule. Namshukuru na mwenzetu aliyeniletea makopo. Nilipomweleza alilia, kisha akanisindikiza kliniki. Ndaga fijo, asante sana, mama.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Aibu yangu ilinila miezi miwili, na dawa ilikuwa mkononi. Unachokunywa nyumbani, mwambie anayekutibu.

Tangu nianze kusema, kuna mmoja wenu amejifunika khanga mbili na hajainua uso. Sikutaji. Alhamisi naenda kupimwa damu. Nitakupitia, twende wote.